Mwaka mzima na watoto: Mbeya au Iringa?

Dada wa Mombasa karibu sana huku, umeuliza mkae Mbeya au Iringa na watoto watatu na mzee asiependa baridi. Kwa baridi sikudanganyi, Juni na Julai kote mtavaa masweta hadi ndani, na Tukuyu (mji mdogo huku huku mkoa wa Mbeya) ndo usiwaze kabisa, kule mvua haina likizo nguo za watoto hazikauki.

Mimi naipa kura Mbeya (ndo kwetu, nisamehe) sababu ya usafiri, kuna ndege za Dar pale uwanja wa Songwe, reli ya TAZARA ya Dar hadi Zambia inapita, alafu Mwanjelwa sokoni ndizi, parachichi na mchele wa Kyela vyote mnapata. Iringa imetulia zaidi, mtaa wa Gangilonga ni pazuri, na hifadhi ya wanyama ya Ruaha iko jirani.

Ila nyumba usilipie kwa picha za wasapu, mimi dalali alishanila hela ya chumba ambacho hakipo! Fikieni gesti wiki mbili, mzunguke wenyewe, fungueni bomba muone maji yanatoka, ulizeni luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni yenu peke yenu au mnashea na wapangaji, maana wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mpigo na kuirudisha hiyo hela ni kesi.