Muulize Sista: "Binti yangu yuko Uingereza, ananunua jua"

Mwezi huu barua za ngozi zimekuwa nyingi, sijui ni hili jua limetukalia vibaya ama ni nini. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeijibu kirefu kwa sababu ilinichekesha halafu ikanikalisha chini.

Sista, habari ya kazi. Mimi ni mama hapa Kondele, Kisumu. Kifungua mimba wangu alienda Uingereza kuhudumia wazee, ako Manchester mwaka wa pili sasa. Juzi tukiongea kwa vidio nikaona uso umeiva mweusi ti, lakini kwa macho kuna viduara viwili vimebaki vyeupe kama vya bundi, nikamuuliza ni nani amekupiga? Akacheka, ati mama hiyo ni alama ya miwani ya kitanda cha jua. Kumbe kuna maduka unaingia, unalipa, unavua nguo, unalala kwa mashine ya taa dakika nane unachomwa halafu unaenda nyumbani. Mtu mweusi, mjaluo mzima! Anasema baridi ya huko imemwingia mpaka rohoni, na akilala mle anaskia kama ako ufuoni Dunga saa sita mchana, na wenzake kazini wamemwambia inaongeza vitamini D. Nimkataze ama ninyamaze juu ni mtu mzima? – Mama wa Kondele

Mama, pole kwa mshtuko. Hiyo ya bundi nimecheka lakini nimeelewa, na hata ushukuru ile alama, maana yake anavaa miwani. Wengi hawavai juu hawataki hizo duara, na macho ndiyo yanaumia haraka, unalala jioni sawa unaamka usiku macho yanawasha kama yamemwagiwa mchanga, na ukiendelea miaka unajitafutia mtoto wa jicho mapema.

Mimi hiyo mashine nimeiona. Kuna mwaka nilienda huko kwa kozi ya miezi michache, mwenzangu mmoja mzungu akanipitisha kwa duka lake la kila Ijumaa. Ni kama kitanda cha vioo chenye mfuniko, unafungwa katikati kama mkate kwa tosta, mirija ya taa juu na chini, mwanga wa zambarau, feni inavuma, na akitoka chumba kinabaki na harufu kama ya nywele iliyopitishwa karibu na moto. Alikuwa mwekundu kama nyanya na alikuwa na furaha kama mtu aliyetoka harusini. Hiyo furaha ndiyo nataka tuanze nayo, kwa sababu ukimpigia binti yako umwambie anajidanganya, atakata simu, na atakuwa na haki.

Hajidanganyi. Miale ya UV, ile isiyoonekana ya jua inayochoma, ikipiga ngozi, ngozi yenyewe inatoa kemikali ya kutuliza, ya ukoo mmoja na zile dawa kali za maumivu. Mwaka 2014 watafiti kule Marekani walichapisha kazi waliyofanya na panya, waliwawekea hiyo miale kila siku kwa wiki kadhaa halafu wakawapa dawa ya kuzuia hiyo kemikali, na panya wakaanza kutetemeka kama mlevi aliyenyang'anywa chupa. Kwa hivyo akikwambia akitoka mle anaskia poa, ni kweli. Shida ni kwamba wiki ijayo atataka tena, na ikifika mahali anahesabu siku, hapo mashine ndiyo inamtumia yeye.

Sasa anachonunua ni nini hasa? Hapa ndio mimi hushangaa. Kiwango cha Ulaya kinasema kitanda kisizidi nguvu fulani, na hiyo nguvu ukiipima kwa ile namba ya jua wanayotangaza na hali ya hewa ni 12. Mama, hiyo 12 unaijua, ni jua la soko la Kibuye saa sita wakati unatafuta kivuli cha mwavuli wa mama mboga. Sisi tuko hapa karibu kabisa na ikweta, pale Maseno hata kuna alama yake kando ya barabara watu wanasimama kupiga picha, na tuko juu ya mita 1,100. Yaani mtoto ametoka Kisumu akapanda ndege ili alipe kwa pauni kile tulikuwa tunamfukuza atoke kwacho akiwa mdogo. Na hicho ni kiwango cha sheria. Walipopima vitanda huko Uingereza, matokeo yakachapishwa 2013, tisa kati ya kila kumi vilikuwa vimepita hapo, wastani ulikuwa karibu mara mbili. Jua la Kibuye mara mbili, na hakuna wingu na hakuna mwembe.

Kuhusu kansa nitakwambia bila kukutisha. Lile shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka hivi vitanda mwaka 2009 kwa kundi la kwanza, lile la vitu ambavyo imethibitishwa vinaleta kansa, sigara ikiwa humo humo. Wazungu wanaoanza kuvitumia kabla ya miaka 35 hatari yao ya melanoma, ile kansa mbaya ya ngozi, inapanda kwa zaidi ya nusu. Nimesema wazungu makusudi, kwa sababu hizo hesabu zilifanywa kwao. Binti yako ana melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, na melanini ni kama ameshazaliwa amepakwa losheni ya kuzuia jua ya namba 13 hivi, mzungu amezaliwa na 3. Kwa hivyo hatari yake ya kansa ya jua ni ndogo sana ukilinganisha, na atakayekwambia mtoto wako atakufa kesho anakutafutia presha bure. Bob Marley ndiyo alikufa na melanoma 1981 akiwa na miaka 36, ilianzia kwa kidole cha mguu chini ya ukucha, watu hupenda sana kumtaja, lakini aina hiyo inayotuotea sisi kwa nyayo na kwa kucha hailetwi na jua.

Lakini kansa siyo kitu pekee. Ule weusi ulioona kwa vidio ni ngozi inajikinga baada ya kuumizwa, seli zimeona mbegu zao za urithi (DNA) zimekatwakatwa zikaita melanini ije ifunike. Na ngozi yetu ina tabia moja, ikichomwa inaweka kumbukumbu, utaona mabaka kwa mashavu na juu ya mdomo yanayokaa miezi na miezi, hapo ndipo msichana anaanza kutafuta krimu za kuyatoa, na akishaingia kwa krimu hizo shida imekuwa nyingine kabisa. Pia muulize kama kuna dawa anameza. Doxy, septrin, zingine za presha zinazokojolesha, hizo zikikutana na miale hiyo mtu anababuka hata akiwa mweusi kama chungu. Mwenye lupus, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kugeuka na kuushambulia mwili wenyewe, asikaribie kabisa.

Na vitamini D? Hapa mtoto ako sawa nusu. Ni kweli mtu mweusi akiishi Manchester vitamini D inashuka, jua la huko halitoshi ngozi yetu, na akifanya zamu za usiku ndio kabisa. Lakini kitanda kinatoa zaidi ile miale ya UVA, inayozeesha ngozi. Ile inayotengeneza vitamini ni UVB, na mle ni kidogo tu, kwa hivyo ni kama kunywa chai ya maziwa ndoo nzima ukitafuta kijiko cha sukari. Huduma ya afya ya Uingereza yenyewe inashauri watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza maikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima. Kidonge kidogo, supamaketi yoyote kiko. Na kwa ile huzuni ya baridi, kuna taa za mwanga mkali mweupe zisizo na UV, luksi 10,000, unaweka mezani asubuhi nusu saa ukinywa chai, hizo ndizo madaktari hutumia kwa watu wanaozimika roho kila Novemba.

Kwa hivyo usimkataze. Mpigie siku ambayo hana zamu, muulize analala saa ngapi, anakula na nani, mara ya mwisho kuongea Dholuo na mtu ana kwa ana ilikuwa lini. Nashuku zile dakika nane ndizo dakika pekee kwa wiki mtoto wako anaskia joto na hakuna mzee anamwita.

Hello sista, niko na saluni Nakuru, Section 58. Kuna jamaa anashusha kontena la vitu vya Ujerumani na ameniambia kuna sanbedi mbili za mitumba, hivyo vitanda vya jua, bei ni ya kutupa. Nimefikiria wazungu wa mashamba ya maua na wale wa kujitolea, halafu pia kuna wateja wangu waliojichubua rangi ikakataa kulingana, uso njano vidole vyeusi, wanataka kurudi. Naona ni biashara. Unaonaje? – Mwenye saluni

Naona mzigo. Wacha tuanze na hao wazungu, kwani watakulipa shilingi ngapi kwa kile wanapata bure kwa veranda? Nakuru iko juu zaidi ya Kisumu, mita 1,850 hivi, na kila ukipanda mita elfu moja UV inaongezeka kama asilimia kumi. Nimeona wale wakimbiaji wa Ulaya wanaokuja Iten kule milimani kufanya mazoezi, wiki ya kwanza pua imeshaambuka, hao hawahitaji mashine wanahitaji kofia.

Halafu ujiulize mwenye kuuza anakwepa nini. Brazili ilipiga marufuku vitanda hivi kwa urembo mwaka 2009. Australia majimbo yakafunga biashara yote, ya mwisho ikiwa 1 Januari 2016. Ujerumani yenyewe na Uingereza walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi. Mashine ya mitumba mirija yake imechoka, utaenda kununua mingine, fundi atakuwekea yenye nguvu kuliko ile ya kwanza na wewe hutajua, mteja wa dakika kumi za jana leo anaungua kwa dakika hizo hizo kumi. Hapo hata sijaongea stima, mirija ishirini na kitu ya wati mia mia, na tokeni unazijua.

Lakini kilichonitoa jasho ni hao wateja waliojichubua, hao usiwaguse na hiyo mashine hata kama wanalia. Krimu zenye haidrokwinoni zimewaondolea ile melanini ndiyo mwavuli wao, zile zenye zebaki zinaharibu mpaka figo, na wewe unataka kuwaweka uchi chini ya jua mara mbili. Rangi haitarudi sawa, itarudi kwa mabaka, vifundo vya vidole vitaiva zaidi na uso utababuka. Watume kwa daktari wa ngozi, na waache krimu polepole kwa kufuata maagizo yake, kwa sababu nyingi zimechanganywa na steroidi na ukiacha ghafla uso unafura kama andazi. Kuna matibabu ya mwanga ya hospitali, ndiyo, ya watu wenye magonjwa ya ngozi kama soriasisi na vitiligo, ni UVB ya kipimo chembamba na daktari anahesabu sekunde, sasa wewe usisikie hivyo ukaandika kwa bango la saluni.

Kama lazima uwe na kitu cha wazungu wa harusi, kuna ile dawa ya kupuliza inayopaka rangi ya kahawia kwa ngozi ya juu tu, inatoka yenyewe kwa siku tano mpaka saba. Wafunge pua na macho ukipuliza, na uwaambie haiwakingi na jua.

Sista, ile taa ya kukausha kucha za jeli nayo si ni UV? Mimi huweka kila wiki mbili. – Kakamega

Ni UV ndiyo, lakini ni ndogo na ni dakika chache, sio sawa na kulala mzima mzima kwa kitanda. Paka sanskrini mikononi kabla, ama kata vidole vya glavu kuukuu uvae. Mimi ningejali zaidi ile asitoni na kukwaruzwa kucha mpaka zikabaki kama karatasi.

Sista, niko Vihiga. Kijana wangu ana ualbino, ako darasa la pili. Jirani ameniambia nimwanike jua kidogo kidogo asubuhi ngozi ikomae, ati hata Ulaya wana mashine ya kukomaza. Ni kweli? – Mama kijana

La, na jirani mwambie nimesema mimi. Ngozi ya wengine inaungua halafu inaita melanini. Ya kijana wako inaita hakuna anayeitikia, kwa hivyo haikomai, inaharibika tu, kila mara juu ya mara ya jana. Nilihudumia mzee mmoja aliyeuza mitumba sokoni miaka yote na kofia ya besiboli, uso ulikuwa sawa kwa sababu ya ule ukingo wa mbele, lakini sikio la kushoto, upande wa barabara, lilikuwa kidonda ambacho yeye aliita chunusi kwa miaka mitatu. Tulipompeleka kwa upasuaji nusu ya sikio ilienda.

Kwa hivyo kofia ni ile pana ya kuzunguka pande zote, hata kama sio ya yunifomu, nenda uongee na mwalimu mkuu. Mikono mirefu, suruali ndefu, michezo iwe asubuhi mapema, na dawati liwe mbele karibu na ubao kwa sababu macho yake pia yanamtesa, lakini mbali na dirisha. Mwandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lina mpango wa losheni ya jua ya bure kwa wenye ualbino, uliza ofisi yao ya kaunti unaichukulia hospitali gani. Mpake dakika ishirini kabla ya kutoka, masikio, shingo nyuma, mgongo wa mikono na midomo, na arudie saa ya chakula, umfundishe ajipake mwenyewe. Na ile chupa isikae dirishani wala kwa mkoba uliowekwa juani, ikipata moto inakatika maji na dawa, utakuwa unampaka maji.