Kabla ya kwenda gengeni, fungua kabati

Dada uliyesema elfu kumi ya matumizi haifiki jioni na una watoto watatu, pole sana. Nimepita hapo hapo. Januari ya mwaka juzi mume wangu alisimamishwa kazi, na ada zilikuwa zinadaiwa. Siku ya tatu nikaingia stoo na daftari. Nikakuta maharage kama kilo nne, mahindi ya kukoboa aliyotuma mama kutoka Same, dagaa kwenye kopo, mchele kidogo kidogo ndani ya mifuko mitatu, unga wa ngano. Na bado kila jioni nilikuwa namtuma mtoto gengeni! Hapo ndipo hela ilipokuwa inaishia.

Makande ndiyo yaliyotubeba. Mahindi na maharage loweka tangu usiku, asubuhi mwaga yale maji, weka mengine. Ukibandika makavu, mkaa utaisha nayo bado magumu. Watu watakwambia utie magadi yaive upesi. Yanaiva kweli, ila magadi yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na ladha inakuwa ya sabuni. Mimi nimeacha. Maharage nachemsha kilo nzima kwa moto mmoja bila kuunga: leo nachota ya kulia ugali, yanayobaki yanaingia kwenye friji, kesho yanakutana na mahindi. Nazi ni moja tu. Tui jepesi linachemkia humo, tui zito linakuja mwisho, unakoroga usiache likakatika.

Kwenye wali naomba unisikilize vizuri. Kwa joto hili la Dar, usiache sufuria ya wali jikoni mpaka asubuhi. Kuna vijidudu vya wali vinavyoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha moto mpaka utoe moshi. Mwanangu wa pili alitapika usiku kucha kwa kiporo cha namna hiyo, nami nilidhani naokoa chakula. Ukipoa tu, uweke kwenye friji. Kama huna friji, pima mchele wa kuisha siku hiyo. Wangu wa kwenye friji nausaga pamoja na mchele uliolowekwa, napata vitumbua laini vya chai ya asubuhi, na mkate sinunui.

Mboga ya majani nilichomeka mashina ya matembele nyuma ya bafu, pale maji yanapomwagika. Baada ya wiki chache tulikuwa tunachuma.

Wiki ile ya kwanza nilitoa hela ya vitunguu, nyanya na mafuta ya kupima tu. Mpaka leo siendi sokoni kabla sijaandika kilichopo ndani, na dagaa wakiwemo, samaki sinunui hata wawe wazuri vipi.

Niandikie kilichomo kabatini mwako sasa hivi, hata kama ni unga na chumvi, tupange pamoja siku nne za mwanzo.