Kwa nini kunde zangu zinageuka rangi ya kaki?

SWALI: Shikamoo mama. Niliolewa Moshi mwaka jana. Mama mkwe akipika majani ya kunde hutia magadi, na kwa kweli yanatoka laini na ya kijani kibichi. Mimi kliniki niliambiwa magadi yanaua vitamini, nikaacha. Tangu hapo kunde zangu ni ngumu na rangi yake kama kaki, hadi mume wangu anazisogeza pembeni ya sahani. Huwa nakaanga kitunguu na nyanya, natia majani, nakamulia ndimu, nafunika mpaka yaive. Nakosea wapi? Na kisamvu nacho, naweza kukitilia magadi kiive haraka? Gesi inaniishia.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuacha magadi hukukosea. Kunde zako zinaharibiwa na ndimu, nyanya na mfuniko.

Ukijani wa jani unatokana na klorofili, na katikati ya kila chembe ya klorofili kuna magnesiamu. Joto likikutana na asidi, magnesiamu hung'oka, na kijani kinageuka zaituni kisha kaki. Wewe asidi umeitia mara tatu. Ya nyanya na ya ndimu unazijua. Ya tatu inatoka kwenye majani yenyewe: yakichemka hutoa asidi zake, na baadhi hupaa na mvuke. Ukifunika, ule mvuke unagonga mfuniko na kudondokea tena mbogani.

Magadi ni kinyume cha asidi, kwa hiyo kijani kinabaki. Tena yanalegeza ile gundi inayoshikanisha seli za jani, ndiyo maana za mama mkwe zinalainika upesi. Kama unataka kuona kwa macho yako, chukua majani machache ya mchicha wa fungu moja, uyagawe kwenye vikombe vitatu, umimine maji yanayotokota. Kimoja tia ndimu, kingine chembe ya magadi, cha tatu kiache hivyo hivyo. Subiri robo saa. Cha ndimu kitakuwa kimefifia kama gwanda la mgambo. Cha magadi kitang'aa, lakini jani lake lifinye: linateleza vidoleni.

Nesi wako hakukudanganya. Vitamini C na B1 hazivumilii magadi. Isitoshe, magadi ni chumvichumvi ya sodiamu, kwa hiyo mwenye presha nyumbani anakula sodiamu juu ya chumvi ya kawaida. Na kwa ninyi wa Kilimanjaro na Arusha kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko vitamini: magadi yanayookotwa kwenye ardhi na maziwa ya huko mara nyingi huwa na floridi nyingi, na maji ya sehemu nyingi za huko tayari yanayo. Floridi ikizidi ndiyo inayoleta yale meno yenye madoa ya kahawia mnayoyaona. Madoa hayo huingia utotoni, jino likiwa bado linajijenga ndani ya ufizi. Mtoto wa chini ya miaka minane nisingempa mboga ya magadi kila siku. Lakini punje ndogo kwenye mlenda mara mojamoja, mama mkwe akiwa amekuja kuwatembelea, usianzishe vita.

Sasa pika hivi. Chuma au nunua majani machanga, kwa sababu kunde iliyokwisha kubeba maganda ina majani kama ngozi na hakuna ufundi utakaoyalainisha upesi. Menya nyuzi za mabua, osha kabla ya kukatakata. Chemsha maji mengi mpaka yatokote kwelikweli, tia chumvi, kisha tumbukiza majani kidogokidogo ili maji yasipoe. Usifunike. Maji mengi yanaizimua ile asidi ya majani na sufuria iliyo wazi inaitoa nje. Mchicha unatosha dakika 2 au 3. Kunde zipe 10, onja bua, ongeza kama bado linakataa. Chuja.

Pembeni kaanga kitunguu, kisha nyanya, mpaka mafuta yajitenge. Nyanya imalize kuiva yenyewe kabla haijakutana na majani. Tia majani, geuza dakika mbili, epua. Ukitaka karanga au tui la nazi, ni hapo hapo, na usiogope mafuta kidogo: vitamini A ya mboga za majani hainyonywi vizuri bila mafuta. Sehemu ya vitamini C itakuwa imeondoka na maji uliyochuja, sikufichi. Ndiyo maana ndimu ipeleke mezani, kila mtu akamulie kwenye sahani yake. Inarudisha vitamini C, inasaidia mwili kupata madini ya chuma ya mboga, na rangi haipati muda wa kuharibika.

Kisamvu ni habari nyingine kabisa, na hapo nakukataza. Jani la muhogo lina kitu kiitwacho linamarini, ambayo ikivunjwa hutoa sumu ya sayanidi. Kinachoivunja linamarini ni kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili kilichomo ndani ya jani hilo hilo, ila viwili hivyo vimetengwa mpaka jani lipondwe. Kwa hiyo kinu si cha kulainisha tu. Ukitwanga sawasawa, vinakutana, sayanidi inatoka, na ukichemsha bila mfuniko inaondoka na mvuke. Ukitumbukiza majani mazima kwenye maji ya moto, joto linakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu inabaki ndani. Magadi yatakupa kisamvu laini na cha kijani kizuri baada ya muda mfupi, nawe utadhani kimeiva. Mimi kisamvu kinachong'aa sikigusi. Twanga mpaka kiwe kama unga mbichi, kiache kidogo kinuni, kisha kichemshe wazi saa nzima au zaidi huku ukiongeza maji, dirisha likiwa wazi. Kitafifia rangi, na ndivyo kinavyotakiwa.

Gesi usiitumie kwa kazi hiyo. Jumamosi washa jiko la mkaa, chemsha cha wiki nzima, kipoe, gawa kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja, gandisha bila nazi. Siku ya kula ni kukaanga kitunguu na kumimina tui.