Kusomeshwa na Mwajiri Marekani: Jibu kwa Mpwa Wangu

Mpwa wangu mpendwa,

Umeniuliza, kwa niaba yako na ya wenzako mliomaliza kidato cha sita, kama ni kweli kwamba huku Marekani mtu akiajiriwa ghalani au mkahawani kampuni humlipia chuo kikuu. Ni kweli, na mimi mwenyewe ninasoma uhasibu kwa njia hiyo hapa Ohio huku nikifanya kazi ya zamu ya usiku. Ila aliyewasimulia amewapa nusu ya habari.

Kifungu cha 127 cha sheria ya kodi kinamruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hizo kuhesabiwa kuwa mshahara. Zikizidi hapo, ile ziada kwa kawaida hukatwa kodi. Kiwango hicho kiliwekwa mwaka 1986, na waajiri wengi hawavuki hapo, ilhali ada ya mwaka mmoja katika chuo kikuu cha umma, hata kwa mkaazi wa jimbo, kwa wastani inazidi dola 11,000. Ndiyo maana wengi wetu huanzia chuo cha jamii cha miaka miwili, ambako ada ni nafuu, kisha tukahamishia chuo kikuu krediti zetu, yaani vipimo vya kiasi cha masomo mtu aliyokwisha kufaulu.

Taratibu nazo hutofautiana. Amazon, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, hukilipa chuo moja kwa moja, mfanyakazi akishatimiza siku 90 kazini. Starbucks, kampuni ya mikahawa ya kahawa, tangu mwaka 2014 huwasomesha wafanyakazi wake kwa mtandao katika Arizona State University, lakini ni kwa asiye na shahada ya kwanza, kwa hiyo dada yako mwenye shahada ya ualimu asingefaidika. Kwangu mimi, ninalipa kwanza kutoka mfukoni, na muhula ukiisha ninapeleka risiti pamoja na matokeo: nikipata C au zaidi ninarudishiwa, nikishuka hapo hasara ni yangu. Katikati ya malipo na marejesho hupita miezi ambayo fedha ya kulipia pango imekaa chuoni, na ukinipigia wakati huo kuniomba mchango wa harusi utaikuta sauti yangu nzito. Usidhani ni uchoyo.

Vilevile nimetia saini kwamba nikiacha kazi kabla ya mwaka kwisha tangu nilipiwe, nitazirudisha fedha hizo. Sioni ubaya wake, kwa sababu kampuni hainisomeshi kwa huruma: inanunua utulivu wangu katika kazi ambayo watu huikimbia upesi.

Kinachochosha zaidi ni muda. Shahada huhitaji krediti 120 hivi, na mwenye kazi ya kutwa akichukua masomo mawili ya krediti 3 kila muhula, pamoja na muhula wa kiangazi, hupata krediti 18 kwa mwaka. Piga hesabu, ni karibu miaka saba. Majaribio mengi ya mtandaoni hufungwa saa sita kasoro dakika moja usiku, nami mapumziko yangu ya kazini huanza saa tano usiku, hivyo hula wali wa jana kwa mkono mmoja na kuandika majibu kwa mkono mwingine, huku mashine za kubebea mizigo zikilia nje ya mlango.

Sasa lile mlilokusudia hasa. Mpango huu haumleti mtu Marekani. Humfaidisha aliyekwisha kuwa na kibali cha kufanya kazi. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiendea tu kuajiriwa ghalani, na kazi za ndani ya chuo huwekewa kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kwa hiyo mtu akikudai fedha kwa ahadi ya kukutafutia huku kazi yenye kusomeshwa, usimpe hata shilingi. Kama Chuo Kikuu cha Mzumbe wamekupa nafasi na Bodi ya Mikopo imekukubalia, nenda ukasome. Shahada ya huko inaweza kutathminiwa huku baadaye, na wapo waajiri wanaolipia hata shahada ya uzamili. Nitumie barua ya udahili, tuangalie pamoja ni kiasi gani cha ada kitabaki juu yetu.