Re: Kwa nini Phalanx ya USS Stark haikufyatua hata risasi moja?

Heshima yako mkuu. Umeuliza iweje Phalanx, mzinga wa kulinda meli dhidi ya makombora unaomwaga risasi za milimita 20 kwa maelfu kila dakika, ukae kimya Mei 17, 1987, wakati ndege ya Iraki inaitandika USS Stark, meli ya kivita ya Marekani, kwa makombora mawili ya Exocet kule Ghuba ya Uajemi.

Wadau hapo juu wanabishana kuhusu kasi ya mzinga. Iwekeni kando, anzeni na swichi. Phalanx ina rada yake, inatafuta, inafuatilia na kufyatua yenyewe, ila mpaka iwekwe kwenye otomatiki. Siku ile ilikuwa kwenye hali ya kusubiri tu. Nahodha na wenzake hawakutarajia kushambuliwa na Iraki.

Halafu tazama ilipofungwa: juu ya banda la helikopta, nyuma kabisa. Makombora yalitokea mbele, upande wa kushoto, kwa hiyo meli yenyewe iliuziba mzinga. Ilibidi meli igeuke kwanza, na haikugeuka. Mabaharia 37 wakafa.

Sasa piga hesabu. Mzinga ule unafaa ndani ya kilomita moja na nusu hivi, na Exocet inakula kama mita 300 kwa sekunde. Una sekunde tano! Nani atakimbilia swichi hapo?

Kwamba mtambo wenyewe unaweza kazi, cheki USS Gravely, Januari 2024, Bahari ya Shamu: ilidungua kwa Phalanx kombora la Wahouthi wa Yemen likiwa limebakiza kama maili moja.