Maswali Yenu kwa Sista: Kijana akizidiwa na unga, serikali ya mtaa ifanye nini?

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Temeke. Mwaka huu tumezika vijana wawili waliozidisha unga. Mmoja alikutwa chooni nyuma ya gereji. Wa pili alikuwa na wenzake kijiweni. Walipoona haamki wakammwagia maji, wakamnywesha maziwa, mwisho wakatawanyika. Kwenye mkutano wa mtaa wananchi wanataka vijana wa ulinzi shirikishi wavunje vijiwe vyote. Mtendaji anasema hilo ni suala la polisi na Mamlaka ya Dawa za Kulevya, sisi hatuna fungu. Mwanangu kanionyesha kwenye simu kwamba Marekani kuna dawa ya kupuliza puani inayomwamsha mtu palepale, na serikali zao za miji zinaigawa bure. Sisi wa huku chini tunaweza kufanya nini?
Mwenyekiti, Temeke

JIBU: Marahaba, Mwenyekiti, na poleni sana na misiba.

Kuhusu fungu, mtendaji wako kasema kweli. Mengine simuungi mkono. Kumsaka muuzaji ni kazi ya polisi na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, hapo hatubishani. Lakini aliyezidisha unga anakufa kwa kukosa pumzi. Heroini inaulaza ubongo mpaka unaacha kuyaamrisha mapafu, na ubongo wenyewe hauvumilii dakika nyingi bila hewa. Katika dakika hizo hakuna gari la Mamlaka wala la mkuu wa wilaya litakalofika. Atakayekuwepo ni jirani, mjumbe, mama ntilie wa pale kona, na wewe.

Nilipokuwa kazini chumba cha dharura, usiku mmoja bajaji ilisimama getini, ikamshusha kijana, ikageuza na kuondoka taa zimezimwa. Mlinzi akadhani ni mlevi. Nilipomsogelea alikuwa anakoroma, mkoromo wa majimaji kama mtu anayesukutua. Pumzi inakuja moja, unasubiri, unasubiri, ndipo inakuja nyingine. Midomo imepauka rangi ya majivu. Nikafunua kope: mboni zimesinyaa, kidoa tu. Daktari akamchoma naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya heroini, kwenye msuli wa paja huku mimi nikimsaidia kupumua. Hazikupita dakika tano, kijana akakaa kitako, akanitazama, akanitukana kwamba nimemharibia stimu. Tusi tamu kuliko yote niliyowahi kutukanwa kazini!

Sasa yule dereva wa bajaji alikimbia nini? Alikimbia maswali. Umemtoa wapi, nani kamuuzia, na wewe unatumia, twende kituoni ukaandike maelezo. Hata wale wa kijiweni kwako sidhani kama walitawanyika kwa kukosa utu. Na yule wa chooni, alijificha ili nani asimwone? Mkivunja vijiwe, unga hautapungua hata kete moja. Vijana watakwenda kujidunga peke yao kwenye mapagala, na mtu anayezidisha akiwa peke yake hana wa kumwita. Kwa hiyo wakizungumza tena habari ya kuvunja vijiwe, Mwenyekiti, simama ukatae, hata kama itakugharimu kura.

Kazi yako ya kwanza ni kuuondoa woga huo. Wewe unaingia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwombe mtendaji wa kata aliweke suala hili kwenye ajenda, na Polisi Kata awepo. Mkubaliane waziwazi: anayemleta mtu aliyezidiwa kituo cha afya hakamatwi wala hahojiwi saa ile. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria ya kumlinda anayepiga simu kuomba msaada. Nyinyi mtaanza na makubaliano ya watu wanaofahamiana, halafu wewe uyatangaze kwenye mkutano wa mtaa kwa mdomo wako, ili bodaboda na watu wa bajaji wayasikie.

Nije kwenye ile dawa. Ndiyo hiyo naloksoni, haina uchawi wala si ya juzi. Marekani waliiidhinisha 1971, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Iko ya sindano na iko ya kupuliza puani. Inaing'oa heroini pale ilipojishikiza kwenye ubongo, pumzi inarudi. Ukimpa mtu ambaye kumbe hakutumia unga, haimdhuru. Kugawa mitaani nako hakukuanzishwa na serikali. Chicago mwaka 1996 ni kikundi cha kujitolea ndicho kilichoanza kuwapa watumiaji wenyewe, na mamlaka zikafuata baadaye sana. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba yeyote anayeweza kumkuta mtu amezidiwa, awe rafiki au ndugu, apewe dawa hiyo na kufundishwa kuitumia. Wamarekani siku hizi wana pia hela ya kesi: makubaliano ya 2022 na kampuni zilizotengeneza na kusambaza dawa za maumivu yalifikia dola bilioni 26, na sehemu yake inashuka hadi kwenye miji na kaunti. Wewe una mhuri na karatasi. Utumie.

Nenda kituo cha afya cha kata, muulize mganga mfawidhi swali moja: naloksoni ipo, na usiku iko mkononi mwa nani? Hilo la usiku usiliache. Nimeona dawa imo kabatini na aliye zamu hana ufunguo. Kama haipo, andikeni barua kupitia kata kwenda kwa Mganga Mkuu wa Manispaa, nakala kwa diwani, mkitaja vifo viwili bila majina ya marehemu. Ombeni pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe. Ila usiende kununua sindano na kuzigawa mwenyewe, tafadhali.

Barua ikiwa njiani, kuna jambo lisilotaka fungu. Omba muuguzi wa zahanati aje kwenye mkutano, dakika kumi na tano tu, na kijana mmoja alale kwenye mkeka wa kuonyeshea. Afundishe hivi: Mwite kwa sauti. Msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu, inauma. Haamki? Mmoja akatafute usafiri. Mwingine amwinue kidevu, ambane pua, ampulizie pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano, mpaka aanze kuvuta mwenyewe. Akianza kupumua, alazwe ubavu ili matapishi yasimkabe. Maziwa hapana! Mtu asiye na fahamu hamezi, yanaingia mapafuni. Na hata akizinduliwa kwa naloksoni asiachwe aondoke zake: dawa hiyo huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, na unga ukiwa bado mwingi mwilini anaweza kuzama tena. Hapo ndipo ndugu wanapodanganyika, wanamwona kasimama wanampeleka nyumbani kulala.

La mwisho ni methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mtumiaji badala ya heroini ili aweze kuacha unga. Muhimbili walianza kuitoa 2011, zikafuata Mwananyamala na hapo hapo Temeke. Ni bure, lakini kwa kawaida inabidi ufike kliniki kila siku ukanywe mbele ya mhudumu, na nauli ya kila siku kwa mtu asiye na kazi si mchezo. Wengi huacha kwa sababu hiyo, mimi nimewasikia wakisema. Misikiti na makanisa ya mtaa wako hayawezi kuchangia nauli za vijana watatu wanne? Waliotulia nao wasaidieni kuunda kikundi waombe mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, fungu la vijana. Watakataliwa mara ya kwanza. Warudi.

SWALI: Sista, mwanangu anatoka gerezani mwezi ujao. Alifungwa akiwa anatumia unga, huko ndani ameacha. Nimefurahi lakini nina hofu. Nimpokeeje?
Mama, Kigamboni

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi. Wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka ndizo za hatari kuliko zote, na ndivyo ilivyo pia kwa wanaotoka nyumba za upataji nafuu (sober house). Mwili umeshazoea kukaa bila unga. Kiasi alichokuwa akitumia zamani bila shida, leo kinaweza kumuua, hasa akichanganya na pombe au Valium, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Mwambie hivyo wazi, mkiwa mmekaa wawili, bila kumtisha wala kumkumbusha aliyokuibia. Wiki hiyohiyo mpelekeni kliniki ya methadoni Temeke akaonwe, hata kama anasema ameshaacha. Akikataa msigombane naye, mlango ubaki wazi. Ila wote wanaolala nyumbani, hata mdogo wake wa darasa la saba, wajue kumlaza mtu ubavu na kumpulizia pumzi. Waonyeshe kabla hajafika.