Ukiomba uhamisho, ondoka na nakala yenye mhuri

Wadogo zangu mlioajiriwa juzi, barua yangu ya kwanza ya kuomba uhamisho niliiandika nikilia. Nilikuwa karani katika kituo cha mbali cha serikali ya kaunti moja ya huku magharibi, na mwanangu ana selimundu, ugonjwa ambao watu wa upande wa ziwa hatuhitaji kuelezwa. Kliniki yake iko Kisumu, na ndiko anakoishi na mama yangu. Maumivu yakimshika usiku, mimi niko mwendo wa saa tatu, na giza likiingia hakuna matatu. Niliomba kituo cha karibu na Kisumu, cheo kile kile, mshahara ule ule. Kurasa tatu za shida zangu nikampa mkuu wa kituo mkononi. Alisoma nusu, akaiweka chini ya faili nyingine. Nikashukuru, nikatoka.

Kosa langu lilianzia hapo. Miezi minne baadaye nilisimamishwa kwenye korido nikaambiwa, "Wakubwa wamekataa." Wakubwa gani? Lini? Kwa nini? Hakuna aliyenijibu, na kwenye faili yangu barua haikuwepo. Kwa ofisi, nilikuwa sijaomba chochote.

Kwa hiyo andikeni nakala mbili, mzipeleke masijala wenyewe. Karani agonge mhuri wa tarehe kwenye zote mbili na atie sahihi. Moja ibaki, nyingine uondoke nayo. Ukiambiwa uiache tu mezani, subiri. Barua yangu ya pili niliingojea tangu saa mbili na nusu hadi karibu saa sita, kwa sababu kidau cha wino kilikuwa kimekauka na ilibidi wakaombe ofisi ya jirani. Mhuri ulipogongwa, tarehe ikatoka hafifu, mwezi hausomeki. Nikamwomba karani agonge tena kando yake. Alikasirika, lakini aligonga. Tarehe ile ndiyo iliyokuja kusomwa Nairobi na watu ambao sijawahi kuonana nao.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja: ulipo, unapoomba kwenda, sababu, na viambatisho. Ripoti ya daktari inasema zaidi ya machozi. Kama kuna mwenzako anayetaka kubadilishana nawe, ambatisha na barua yake, maana swali la kwanza la mkubwa huwa ni nani atabaki na kazi yako.

Barua ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja: ombi lako halikukubaliwa. Hapo hasira ikanipeleka kortini. Ndugu wakanichangia, nikatafuta wakili, tukafungua kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi pale Kisumu. Mawakili wa mwajiri hawakugusa kabisa habari ya mtoto. Walisema jambo moja tu: mlalamishi hakukata rufaa kwanza kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Na walisema kweli. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mfanyakazi wa kaunti rufaa kwa Tume, ndani ya siku 90 tangu uamuzi utolewe. Sheria ya Tume ya 2017, kifungu cha 87, inakuzuia kwenda kortini kabla ya kupita huko. Kesi ikatupwa bila kusikilizwa. Karibu mwaka mzima ulikuwa umekwisha, pamoja na pesa za watu.

Siku 90. Ziandike kwenye kalenda siku ile ile unayopokea jibu. Tume inaweza kupokea rufaa iliyochelewa ikiridhika na sababu, na yangu iliipokea, lakini wiki nilizongojea kujua kama itapokewa sitaki mmoja wenu azipitie. Walio serikali kuu na walimu wana ngazi zao tofauti. Waulizeni watu wa chama cha wafanyakazi mapema, kabla hamjawa na shida.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni hili. Hakuna sheria inayokupa haki ya kuhamishwa unapotaka. Kumpanga mfanyakazi ni kazi ya mwajiri, na mahakama zetu zimeshikilia hivyo mara nyingi. Zinaingilia pale tu penye hila, sheria iliyovunjwa au utaratibu usio wa haki. Mimi niliomba huruma mahali pasipogawa huruma. Lakini Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 iliyokifuata, vinataka uamuzi wa ofisi ya umma uwe wa haraka na wa haki, na aliyeathirika apewe sababu kwa maandishi. Rufaa yangu kwa Tume haikusema "nihamisheni." Ilisema nimenyimwa bila kuelezwa sababu, na hizi hapa tarehe.

Na katika muda wote huo, kuweni kazini. Mwenzangu mmoja aliona uamuzi unakawia akahamia kwao, akingoja barua imfuate. Iliyomfuata ilikuwa ya kuachishwa kazi kwa utoro. Nilimlilia, kwa sababu madai yake yalikuwa na nguvu kuliko yangu.

Tume iliagiza ombi langu lifikiriwe upya na nipewe sababu. Barua ilipokuja, ilikuwa na aya mbili: kituo nilichoomba hakina nafasi ya karani, ila vituo viwili vingine vinazo. Vyote viwili viko karibu na Kisumu, na hakuna aliyewahi kunitajia. Nilijaza fomu siku hiyo hiyo, nakala mbili. Leo niko dakika arobaini kutoka kwa mwanangu. Wiki iliyopita maumivu yalimshika jioni, na kufikia saa mbili usiku nilikuwa nimemshika.